Mia tatu kwa strungi iliyopoa? Hapana, jitengenezee

Wacha nianze na swali la pesa, maana hilo najua mtalijibu haraka. Mara ya mwisho ulipoketi kwenye kafe pale mjini ukaagiza chai ya barafu, ulilipa ngapi? Mia mbili hamsini? Mia tatu na kitu? Na ulikunywa nini hasa?

Mimi najua ulichokunywa, kwa sababu kwa miezi saba niliitengeneza.

Ilikuwa baada ya kuacha chuo mwaka wa pili (ndiyo, ni mimi yule, na hapana, ada bado haijapatikana, tusonge mbele). Nilipata kazi nyuma ya kaunta kwenye kafe moja ya wasee wa laptopu, zile za viti virefu na mimea ya kuning'inia. Kwenye menyu kulikuwa na chai ya barafu ya aina nne, na chini yake maneno madogo: ladha asilia. Kazi yangu ilikuwa hivi. Fungua bati. Chota unga vijiko viwili vikubwa. Mwaga maji baridi, koroga, jaza barafu hadi juu. Kata kipande cha limau, kibandike kwenye mdomo wa glasi, tupia jani moja la mnanaa. Peleka mezani. Hakuna sufuria iliyowahi kupanda mekoni kwa ajili ya kile kinywaji.

Siku moja, Jumanne hivi, wateja hakuna, nikaanza kusoma lile bati kama mtu anayesoma maandishi ya nyuma ya dawa ya mswaki chooni. Kwenye vyakula vya pakiti, viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kinatangulia. Cha kwanza kilikuwa sukari. Kisha asidi ya sitriki. Kisha vitu vya ladha na rangi. Chai yenyewe, au tuseme unga uliokamuliwa kutoka kwa chai, ilikuwa huko chini karibu na mwisho, kama jina la yule binamu anayetajwa wa mwisho kwenye tangazo la tanzia.

Sasa, kuna mama mmoja wa makamo aliyekuwa akija kila Alhamisi. Mpole, anasalimia kila mtu, anaacha tipu. Aliniambia mapema kabisa: "Kijana wangu, mimi nina sukari, nitengenezee ile isiyotiwa sukari." Nikamuuliza msimamizi. Akaniambia, "Usimwongezee shira, mpe tu." Lakini sukari ilikuwa ndani ya unga. Nilijua. Nilikuwa nimesoma bati. Na bado nilimpelekea, Alhamisi moja, mbili, tatu, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia na msimamizi ndiye anayepanga zamu. Alhamisi ya nne nikamnong'oneza achukue chai ya rangi ya kawaida. Aliniangalia kwa muda mrefu, hakusema kitu, akaondoka, na sikumwona tena. Nilikaa pale mwezi mmoja zaidi kabla ya kuacha. Ningependa kukuambia kwamba niliacha siku hiyo hiyo, lakini sivyo ilivyokuwa.

Ndiyo maana leo sikuandikii kuhusu mapishi kama mapishi. Ninachosema ni kwamba neno "asilia" halifai kununuliwa likiwa limechapishwa kwenye menyu au kwenye chupa. Ukisoma "ladha ya pichi", umeahidiwa ladha, hukuahidiwa pichi. Ukitaka limau kwenye chai yako, kuna njia moja tu ya kuwa na uhakika, nayo ni kulikamua hilo limau mwenyewe. Na ukitaka kujua sukari ni ngapi, uwe wewe uliyeshika kijiko.

Tufanye hesabu kidogo. Geuza chupa ya chai ya barafu pale supamaketi, tafuta kijisanduku cha lishe. Ukikuta gramu 8 za sukari kwa kila mililita 100, basi chupa ya nusu lita ina gramu 40. Kijiko kidogo cha chai ni kama gramu 4. Hivyo umekunywa vijiko kumi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa siku kutoka kwa chakula, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Mwambie shosho yako unatia vijiko kumi kwenye kikombe uone atakavyokutazama.

Na tukitaja shosho, wangu ana kishamba cha majani chai upande wa Kangema, huko Murang'a. Nimechuma naye tangu nikiwa mdogo, mbaya sana, kwa sababu mimi huchuma jani lolote lililo karibu. Yeye huchuma majani mawili na chipukizi, basi. Kikapu mgongoni, baridi ya asubuhi, umande unalowesha hadi magoti. Kisha anapeleka kituoni, yanapimwa, lori linabeba hadi kiwandani. Inahitaji zaidi ya kilo nne za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Kutoka hapo sehemu kubwa inateremka Mombasa kwenye mnada, inanunuliwa, inapanda meli kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Sisi ndio nchi inayouza chai nyeusi nyingi kuliko zote nje ya mipaka yake. Na lile bati la kule kafe lilikuwa limetengenezwa nchi isiyokuza chai hata mche mmoja. Fikiria hiyo safari. Halafu mimi, mjukuu wa mchumaji, nakoroga ule unga na kuuza mia tatu.

Wengine watasema chai ya barafu ni ya Wazungu, sisi ni watu wa chai ya maziwa na tangawizi. Wamarekani kweli huinywa kwa wingi, na wanayo hadithi yao ya muuza chai aliyekosa wateja kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka wa 1904 kwa sababu ya joto, akatia barafu. Hadithi nzuri, ila kitabu cha mapishi cha jimbo la Virginia cha 1879 tayari kilikuwa na maelezo ya kuitengeneza. Hata hivyo kwangu hiyo si hoja. Chai ya barafu ni strungi iliyopoa. Strungi tunaijua. Tumekuwa tukiinywa kila mwisho wa mwezi maziwa yakiwa yameisha.

Shida ni kwamba hatujui kuitengeneza bila maziwa, na hapa ndipo wengi hujaribu mara moja, wakaonja uchungu, wakarudi dukani. Nyumbani tumezoea kuchemsha majani. Yanatupwa sufuriani, yanatokota hadi yafure, rangi iwe kama matofali. Kwa chai ya maziwa hiyo inakubalika, kwa sababu protini za maziwa hushikana na zile tanini zinazokausha ulimi, zikazituliza. Ukiondoa maziwa, uchungu wote unabaki wazi. Tena majani yetu mengi ya hapa Kenya husagwa kwa mashine kuwa punje ndogo ndogo, na punje hutoa rangi na ukali haraka kuliko jani zima. Dakika tatu zinatosha. Mtu anayeyachemsha dakika kumi kisha analalamika kwamba chai ya barafu ni chungu, huyo ni sawa na aliyeunguza chapati akaulaumu unga.

Basi fanya hivi. Kwa lita moja, chemsha maji nusu lita. Zima moto. Ndiyo, zima kwanza. Tia vijiko vidogo vinne vya majani, funika, hesabu dakika tatu, isizidi nne. Chuja. Kama majani yako ni laini kama vumbi, tandika kitambaa safi juu ya chujio. Ikiwa ingali moto, tia sukari yako, vijiko viwili au vitatu kwa lita nzima, ikoroge iyeyuke, kwa sababu ukisubiri ipoe sukari itakaa chini ya jagi kama mchanga. Ongeza nusu lita ya maji baridi yaliyochemshwa. Iache ipoe kabisa juu ya meza kabla ya kuipeleka kwenye friji. Ukiiharakisha ikiwa moto huenda ikageuka kuwa na ukungu, kama maji ya mchele. Haijaharibika, ni vitu vya ndani ya chai vinavyoshikana kwa baridi, na ukimwagia maji ya moto kidogo hutulia tena. Lakini mgeni hatajua hivyo, atadhani umempa maji ya kuoshea vyombo.

Ipo njia nyingine ya wavivu, na mimi ndiyo naipenda. Vijiko vinne vya majani kwenye lita ya maji baridi, yawe yamechemshwa na kupozwa, funika, weka kwenye friji usiku, lala. Asubuhi chuja. Maji baridi hayatoi tanini nyingi, kwa hivyo inatoka laini, tamu kwa namna yake, hata bila sukari inanyweka. Usiache jagi juani kama wanavyofanya kwenye zile video za mitandaoni. Maji ya uvuguvugu yaliyokaa saa nyingi na majani ndani ni nyumba ya bakteria, na choo cha ploti unajua foleni yake.

Sasa ladha. Hapa ndipo raha ilipo, na hapa ndipo lile bati linaaibika.

Tangawizi, iponde na uichemshe kwenye maji yale ya kwanza dakika kama kumi, kabla ya majani kuingia. Mchaichai vile vile, ila dakika tano zinatosha, na uupondeponde ule upande mweupe wa chini, ndio wenye harufu. Mnanaa usiuchemshe kamwe. Ukiuchemsha unanuka kama nyasi zilizokatwa jana. Uweke kiganjani, upige kofi moja, utie kwenye chai iliyopoa. Watu hucheka wakiona nikipiga majani kofi, lakini wanusishe.

Limau linangoja hadi mwisho. Kamua kwenye chai baridi, na utaona rangi ikififia papo hapo kutoka nyekundu hadi ya dhahabu. Hiyo ni asidi, usishtuke. Ukitaka harufu zaidi, paruza ganda lake la nje tu. Ule utando mweupe wa ndani uache, ni mchungu. Na tafadhali, aliyetia maziwa asitie limau. Nimeona mtu akijaribu. Yaliganda kama mala.

Pasheni ndiyo mfalme kwangu. Matunda manne, kamua zile mbegu kwenye chujio, changanya maji yake na shira kidogo, mimina kwenye lita ya chai. Shira ni rahisi tu: sukari na maji kipimo sawa, chemsha hadi iyeyuke. Hakuna bati linaloweza kuiga pasheni ya Marikiti iliyokunjamana ganda. Kadiri inavyoonekana mzee ndivyo inavyokuwa tamu, na mama mboga huiuza rahisi kwa sababu watu hawajui.

Halafu maganda ya nanasi. Yale unayotupa. Yaoshe vizuri kabisa, sugua kwa brashi, chemsha dakika ishirini na kijiti cha mdalasini, chuja, tumia maji hayo kutengenezea chai. Ni bure. Umeshakula nanasi, na sasa unakunywa nguo zake. Ukiwa Pwani, loweka ukwaju kwenye maji moto, uchuje, uchanganye na chai na shira. Embe sijalipenda, linafanya chai kuwa nzito kama uji, lakini wewe jaribu, ulimi ni wako.

Nasikia mmoja ananiambia: buda, mimi sina friji. Naelewa. Mimi pia sina. Keja yangu ina meko, kitanda na stima ya tokeni inayoisha nikiwa katikati ya sinema. Kwa hivyo wacha tuongee kama watu wa mtaa. Chukua chupa ya chai iliyopoa, ifunge kwa fulana kuukuu iliyoloweshwa, iweke dirishani penye upepo. Maji yakikauka kwenye kitambaa huondoka na joto. Ndivyo mtungi wa udongo wa shosho unavyofanya kazi, maji yanapenya kidogo kidogo na kukauka nje. Kwa Nairobi kavu inafanya kazi vizuri. Kwa Mombasa, hewa ikiwa imejaa unyevu, haisaidii sana, huko nunua barafu.

Na barafu ya kununua dukani, ile ya kwenye kijikaratasi, huwezi kujua maji yalitoka wapi. Usiitie kwenye glasi. Iweke kwenye karai pamoja na maji, chumvi kidogo ukiwa nayo, kisha uzamishe chupa yako ndani. Baridi ile ile, tumbo salama. Bila friji, itengeneze ya kunywa siku hiyo hiyo. Kwenye friji, siku mbili. Ikianza kuwa na utando au harufu ya chachu, mwaga, usijifanye shujaa.

Gharama? Wikendi iliyopita niliandika kila kitu. Pakiti ya gramu 50 nilinunua 40, na lita moja inakula kama gramu kumi, hivyo majani ni shilingi 8. Malimau mawili, 20. Mnanaa nusu ya fungu, 10. Sukari na gesi tukadirie 10, barafu 10. Jumla 58. Nilipata glasi nne. Hiyo ni chini ya shilingi 15 kwa glasi.

Nitakuwa mkweli pia: ukienda kafe hulipii chai peke yake. Unalipia kiti, waifai, choo safi, na nafasi ya kuketi na mtu unayemtaka bila mwenzako wa chumba kusikiliza. Hilo sikatai, na sitamcheka anayelipa. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa na glasi moja saa nne nikiandika makala kama hii. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kile kilicho kwenye glasi ni asilia. Kwa hivyo ukiwa pale, uliza. Muulize kijana aliye kaunta: hii mnapika au mnakoroga? Sukari iko ndani tayari? Muulize kwa upole, hakuandika menyu. Lakini muulize. Huenda akawa anasubiri mtu wa kumuuliza, kama mimi nilivyokuwa.

Na kama wewe ndiye uliye kaunta, na kuna mteja amekuambia ana sukari, mwambie siku ya kwanza. Usingoje Alhamisi ya nne.

Mwezi jana nilipanda Kangema na malimau, mnanaa kutoka kwa mama mboga wangu na barafu kwenye chupa, imefungwa kwa sweta. Nilitaka shosho aonje majani yake yakiwa hivyo. Nilimtengenezea kwa makini yote, dakika tatu bila kuzidi, nikapiga mnanaa kofi mbele yake. Akashika glasi kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akanyamaza. Nikamuuliza, "Shosho, vipi?"

"Ni nzuri," akasema. Kisha akainuka, akaimimina kwenye sufuria, akawasha moto, na kuniuliza maziwa niliyaweka wapi. Ilibidi nikimbilie sufuria kabla hajayamwaga, kwa sababu limau lilikuwa tayari ndani.